Dakika Themanini za Maji

Wanjala alizikwa kwao, magharibi ya Kenya, siku ya Jumamosi, na Ijumaa iliyofuata Wakenya wenziwe waliopo Maskati wakamfanyia ibada ya kumbukumbu katika ukumbi mmoja wa mtaa wa Ruwi. Mle ndani nilikuwa peke yangu niliyevaa buibui. Walinikalisha mstari wa mbele kwa heshima, wakanipa karatasi ya nyimbo nisizozijua, na mzee mmoja pembeni yangu akawa ananionyesha kwa kidole ubeti tuliofika. Nilikuwa nimekwenda kwa jambo moja tu: kusema mbele ya watu kwamba kosa lililomfukuzisha Wanjala kazi, likamrudisha kwao na begi moja, halikuwa lake bali langu. Nimekaa nalo miaka thelathini na moja. Nikisema nimekaa nalo msidhani lilinikondesha. Nilikula, nikaolewa, nikapanda cheo, nikanenepa.

Aliyenialika ni Nekesa, binti yake. Anafanya kazi ya mapokezi katika kliniki ya meno niendayo, na miezi miwili kabla ya msiba alisoma jina langu kwenye faili, akaniuliza taratibu kama niliwahi kufanya kazi katika ofisi ya mahesabu ya zimamoto. "Baba huwa anakutaja, mama," akaniambia. "Injinia Asya. Anasema ulikuwa unamletea mkate wa mchele." Nikamwambia amsalimie sana, nikaingia ndani kung'olewa jino. Daktari alinipiga sindano ya ganzi, akasubiri, akaniuliza kama nasikia chochote. Nikatikisa kichwa. Lilikuwa jibu la kweli kwa mambo yote mawili, jino na zile salamu.

Mwaka wa lile kosa nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nimetoka masomoni na najiona najua. Ofisi yetu ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la mafundi cherehani, vyumba vitatu na choo kimoja. Harufu ya nguo zinazopigwa pasi ilipanda ngazi mchana kutwa, na kiyoyozi cha chumba changu kilidondosha maji ndani ya ndoo ambayo kila mtu alidai si kazi yake kuimwaga. Kazi yetu ilikuwa hivi: mtu anajenga ghala, anataka kibali, nasi tunamwambia likishika moto patahitajika maji kiasi gani kuuzima. Maji hayo lazima yawepo pale pale ndani ya tangi, siku zote, yasiguswe. Unachukua urefu wa jengo, upana na kimo. Unauliza ndani mnawekwa nini, maana ghala la vigae si ghala la pamba. Unauliza jirani yuko umbali gani na ana nini, kwa sababu moto hautambui mpaka wa kiwanja. Hapo unapata lita kwa dakika, unazidisha kwa dakika ambazo watu wa zimamoto watapigana nao, na jawabu ndilo tangi. Nikiulizwa harusini nafanya kazi gani nilikuwa nasema nakadiria maji ya moto, na wanawake wakidhani nauza mitambo ya kuogea. Niliwaachia wadhani hivyo.

Mudiri wetu, mkuu wa ofisi, alikuwa mtu wa miji ya ndani ya Oman, mpole, mchache wa maneno, ambaye alisaini kila nilichoandika baada ya kutazama mstari wa mwisho tu. Wanjala ndiye aliyekuwa miguu ya ofisi. Alipanda juu ya matangi ya watu kwenye jua la Rusayl, mtaa wa viwanda, akazamisha fimbo ya chuma yenye alama, akaitoa, akasoma maji yamefika wapi na kuandika. Alipima mara moja tu. Nilipomuuliza kwa nini harudii, alicheka. "Injinia, mimi nikisoma nimesoma. Fimbo haina siasa." Mchana tulikula pamoja, gazeti la Kiarabu tumelitandika juu ya meza yangu. Yeye alikuja na ugali aliousonga alfajiri, umekauka kingo, na mchicha wa kukaanga. Mimi na mkate wa kumimina au samaki wa kupaka aliyebaki jana. Alisema chakula chetu kitamu lakini hakikai tumboni, nami nikamwambia chake kinakaa mpaka Ijumaa. Chini mafundi waligombana kwa lugha yao ya Kihindi ambayo hakuna kati yetu aliyeijua, naye akawa ananitafsiria uongo mtupu: huyu anasema mkono wa bwana harusi ni mfupi kuliko wa kanzu, yule anajibu basi akatwe bwana harusi. Sijapata tena mtu wa kula naye hivyo kazini.

Nilikuwa na miezi mitatu pale lilipokuja faili la Bwana Nassor, mtu wetu wa Unguja, muuza magodoro, ghala lake Rusayl. Nilimwita Ami kama adabu inavyotaka, ingawa hatukuwa na udugu. Magodoro ya sponji yakishika moto hayaombi ruhusa, na ghala la jirani lilikuwa hatua kumi tu. Nilipata lita elfu mbili kwa dakika, kwa dakika themanini: jumla lita laki moja na elfu sitini. Ami Nassor akajenga tangi la kiasi hicho hicho, mita mbili kwenda chini, si ndoo moja zaidi. Tukampa karatasi yake. Kisha mama yake akafa.

Kifo kile kilikuwa na jambo ambalo nusu ya Wazanzibari wa mji walilijua. Bibi alilazwa kwa operesheni, na siku zake mbili za mwisho madaktari walikataza asipewe maji mdomoni, hata tone. Bibi akawa anaomba maji. Aliwaomba wanawe kwa majina, mmoja mmoja, wa kwanza mpaka kitinda mimba, na wao wakamlowesha midomo kwa pamba kama walivyoelekezwa. Akafa hivyo. Matanga yalipoondoka tu, Ami Nassor akatoboa ukuta wa ghala lake upande wa barabara, akaweka mashine ya kupoza maji yenye mabomba manne, na juu yake kibao chenye jina la mama yake na maneno ya kumwombea. Sadaka ya maji kwa wafu Maskati ni jambo la kila mtaa, hakuna anayegeuka kuitazama. Lakini yake aliiunganisha na tangi la moto, kwa kuwa ndilo tangi lililokuwapo.

Wanjala alikwenda kulikagua siku moja kabla ya lori la maji kuja kujaza, yaani siku maji yakiwa chini kabisa. Alirudi na mita moja na nusu. "Injinia, hii maji haijafika," akaniambia akiwa bado mlangoni, kofia mkononi. "Watu wa kambi mbili za wafanyikazi wanakunywa hapo, wanachota na mitungi, madereva wanaosha malori. Nusu mita imeenda. Huyo mzee afunge hizo mifereji ama ajenge tangi ingine ya sadaka. Asipofanya, siku ya moto pampu itavuta hewa." Nusu mita ya tangi lile ilikuwa lita elfu arobaini. Nilimwambia nitalishughulikia mwenyewe, kwa kuwa mwenye ghala ni mtu wetu na mambo ya msiba yana lugha yake.

Nilikwenda nyumbani kwake Al-Khuwair baada ya saa tisa. Sebule ilikuwa na mazulia mawili, moja juu ya jingine, na chai ya maziwa ikaletwa pamoja na visheti. Ami Nassor alinisikiliza mpaka mwisho huku akivunja kisheti kimoja vipande vipande bila ya kukila. "Tangi la pili ntajenga, mwanangu, wallahi ntajenga," akasema. "Nnangoja idhini ya kile kipande cha kiwanja cha nyuma. Nipe mpaka Mfunguo Mosi." Nikamwambia kwamba maji yale ni ya moto, na moto haungoji Ramadhani iishe. "Nnajua. Nnajua sana. Lakini nkifunga yale mabomba, skiza, nkifunga ntakuwa nnamfungia nani?" Akaondoka kwenda kusali alasiri, na nyuma ya pazia nikamsikia dada yake akizungumza na mgeni. "Kaka siku hizi analala," alikuwa akisema. "Hapo mwanzo alikuwa hata hawezi kunywa maji mbele ya watu. Sasa huenda Rusayl akaegesha gari ng'ambo ya barabara, akawaangalia wale makuli wanavyokunywa, mpaka akashiba yeye." Yule mgeni akasema alhamdulillahi. Nikamaliza chai yangu, nikaaga.

Kesho yake nilikaa na karatasi. Sikuweza kuongeza maji, basi nikapunguza moto. Ilikuwa rahisi, na urahisi wake ndio nilioukumbuka zaidi baadaye. Lile ghala la jirani lilikuwa tupu mwezi ule, halijapata mpangaji. Mara ya kwanza nilikuwa nimelihesabu kama limejaa, kwa kuwa hakuna mtu anayejenga ghala likae tupu. Mara ya pili nikaandika kwamba jirani hana kitu. Lita elfu mbili kwa dakika zikashuka zikawa elfu moja na mia tano. Zidisha kwa themanini: laki moja na elfu ishirini, ambazo ndizo hasa zilizokuwa kwenye fimbo ya Wanjala. Jawabu lilikaa sawa mno. Mwalimu yeyote angelitilia shaka. Mudiri akatazama mstari wa mwisho, akasaini, na karatasi ya kwanza ikawa haina kazi. "Kumbe imetosha?" Wanjala akaniuliza tukila. Nikamwambia nimepiga hesabu upya na imetosha. "Sawa. Wewe ndiye umesoma," akasema, akanimegea ugali. Siwezi kusema nilijuta. Kwa siku mbili tatu nilijihisi mtu mwema.

Ramadhani ilikuwa haijafika. Moto ulianza saa sita na nusu mchana, tena siku moja kabla ya lori la kujaza tangi, kwenye waya wa umeme, na mimi na Wanjala tuliuona moshi tangu barabara kuu, mweusi na umesimama wima kwa kuwa siku ile hapakuwa na upepo. Tulipofika, watu wa zimamoto walikuwa na nusu saa kazini, na kazi ilikuwa inakwenda. Moto ulikuwa unarudi nyuma, yeyote angeuona. Nusu saa nyingine ikapita, na pampu ikatoa sauti ya mtoto anayemalizia soda kwa mrija. Mipira ya maji ikalegea mikononi mwa wale vijana. Lita laki moja na elfu ishirini, zikitoka elfu mbili kila dakika, ni dakika sitini. Hesabu hiyo niliifanya kichwani nikiwa nimesimama, na nikaona kwamba nilikuwa nayo tangu mwanzo. Malori ya maji yalikuwa bado njiani. Ndani ya dakika chache moto ukaruka zile hatua kumi, ukaingia kwa jirani, ambaye wiki mbili kabla alikuwa amempangisha muuza mazulia. Yote mawili yakateketea. Hakufa mtu. Hilo ndilo lililonirahisishia yaliyofuata. Ami Nassor alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara, kanzu imejaa masizi, anatazama pale mabomba yake manne yalipokuwa. Sikwenda kumpa pole.

Uchunguzi ulikuja kwa swali moja. Karatasi ya ofisi inasema lita laki moja na elfu ishirini zatosha kuuzima moto wa ghala hili. Fimbo ya ofisi inasema maji hayapungui hapo hata siku ya chini kabisa. Moto haukuzimika. Basi ama hesabu imekosea ama fimbo, na hakuna mtu aliyeitazama hesabu, kwa kuwa hesabu ilikuwa imeandikwa kwa mashine na ina muhuri. Mudiri akatuita chumbani kwake, mimi na Wanjala. Mimi nilipewa kiti. Akamuuliza Wanjala kwa upole, kwa Kiarabu chepesi cha kazini: siku ile jua lilikuwa machoni? Wanjala akasema lilikuwa, kidogo. Ana hakika ni mita moja na nusu, si moja na robo? Akasema alikuwa na hakika. Alipima mara ngapi? Akasema mara moja. Mudiri akashusha pumzi. Hapo Wanjala akanigeukia na kuniuliza kwa Kiswahili, "Injinia, wewe unaonaje?"

Ningeweza kusema wakati ule. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi, nami nilikuwa nayo tayari mdomoni. Kilichonizuia hakikuwa woga mkubwa wa namna ya kusimulia; niliona tu kwamba nikinyamaza mambo yatakwenda, na nikisema itanibidi nieleze habari ya Ami Nassor, na mama yake, na pamba ya midomoni, mbele ya mtu atakayeniuliza yale yanahusu nini na maji ya moto. "Mimi sikuwepo juu ya tangi," nikasema. Maneno ya kweli kabisa. Nikajitia hamnazo. Wanjala akaendelea kunitazama kidogo, kisha akatazama viganja vyake. "Basi labda," akasema. "Labda niliona vibaya." Ningependa kuandika kwamba moyo ulinipasuka. Haukupasuka. Nilikuwa na wino kwenye kidole cha shahada, nikawa naufuta kwa pembe ya mtandio.

Walimpa siku kumi. Siku ya mwisho alisonga ugali wa watu wawili, akatandika gazeti kama kawaida, na hatukuzungumza habari ya moto. Mafundi chini walikuwa wakigombana, naye hakutafsiri kitu. Nilikula sehemu yangu yote. Nilibaki katika ofisi ile miaka mingine kumi na tisa, nikafundisha vijana kuhesabu ghala la jirani kuwa limejaa hata kama ni tupu, na wakaniheshimu kwa ukali wangu juu ya jambo hilo.

Sasa nirudi ukumbini. Baada ya nyimbo, yule mzee aliyekuwa akinionyesha beti akasimama, kumbe ni binamu ya marehemu, akashika kipaza sauti. "Ndugu yetu alikuwa mtu wa kupima," akasema, na watu wakaanza kucheka kabla hajaendelea, kicheko cha watu wanaojua kinachokuja. "Mahindi anapima mara mbili. Dawa ya mtoto, mara mbili. Tulichimba kisima cha shule, akashusha kamba, akaandika, akashusha tena, mpaka fundi akataka kwenda nyumbani. Tulimwambia, jamani Wanjala, utapima hata usingizi? Yeye anasema hapana, mimi nilisoma fimbo vibaya huko Oman, mali ya watu ikaungua. Kosa lilikuwa langu. Sitaki tena." Wakacheka tena, wengine wakajifuta macho.

Mimi sikucheka, wala sikulia. Miaka yote ile nilikuwa nimejipangia kwamba Wanjala alirudi kwao akijua amedhulumiwa. Nilidhani ananilaani, na laana yake nilikuwa nimeizoea kama mtu anavyozoea kodi. Haikunijia hata siku moja kwamba ile "labda" aliyoisema chumbani kwa mudiri angeichukua kweli, akaenda nayo nyumbani, akaishi nayo. Majuto ni mjukuu, husemwa. Wangu alikuwa amekulia kwenye nyumba ya mtu mwingine.

Wakaniita. Nikasimama, nikashika kipaza sauti kwa mikono miwili. Nikasema marehemu alikuwa mtu mwaminifu, hakuchelewa kazini hata siku moja, na alikuwa hodari wa kutafsiri lugha asizozijua. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Nikakaa. Yule mzee akanishika bega, akasema, "Asante, mama, umenena vizuri."

Baada ya chakula nilimkuta Nekesa kwenye jiko dogo nyuma ya ukumbi, anaosha sahani peke yake. Nikachukua kitambaa, nikaanza kukausha. Sikumtazama, ilikuwa rahisi zaidi kuzungumza na sahani. Nikamwambia baba yake alisoma sawa. Mita moja na nusu, si chini hata ukucha. Nikamwambia niliyepunguza hesabu ni mimi, nikamweleza kwa nini, na kwamba alipoulizwa mbele yangu nilinyamaza, na kwamba alipofukuzwa nilinyamaza. Nilipofika mwisho niliona sauti yangu haikutetemeka hata kidogo, na jambo hilo lilinitisha kuliko maneno yenyewe. Nekesa aliimalizia sahani aliyokuwa ameishika, mbele na nyuma, akaniletea.

"Yeye alikuwa anajua?"

"Hapana."

"Siku ile kliniki, alikuwa bado mzima. Nilimpelekea salamu zako."

"Ndiyo."

Akafunga mfereji, akapangusa mikono kwenye sketi yake, akanitazama kwa mara ya kwanza. Macho yake hayakuwa na hasira.

"Sasa hii nimwambie nani, mama?"